Sura ya Nne: Tuta la Mwizi

Shemeji aliponiambia, "Kesho twende tukatembee," nilipiga pasi shati. Kwetu Tanga, mtu akisema twende tukatembee maana yake kuna nyumba mnakwenda, kuna watu watakaowakaribisha, kuna chai na pengine sambusa. Miguu ni usafiri tu wa kufika huko. Basi asubuhi nikashuka ngazi na suruali ya kitambaa na viatu vyeusi vinavyong'aa. Shemeji alinitazama miguuni kwa muda, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Tunakwenda kwa nani?" nikamuuliza.

"Hatuendi kwa mtu, shemeji. Tunatembea tu."

Shemeji ni Mholanzi aliyemwoa dada yangu. Kiswahili alikipata Morogoro miaka aliyokuwa akifundisha huko, na mpaka leo anakisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayepanga matofali. Akanipa gambuti zake za zamani, zilizonizidi namba mbili, na soksi nene za sufu. Ndivyo nilivyoingizwa katika jambo ambalo Waholanzi hulibeba kwa uzito ambao sisi tumeuweka kwa ajili ya harusi.

Wana neno lake kabisa, wandelen, yaani kutembea kwa ajili ya kutembea. Mjini Nijmegen, kila Julai, zaidi ya watu 40,000 hutembea siku nne mfululizo, wengine kilomita 50 kwa siku, na shughuli hiyo ilianza mwaka 1909. Wanawake wawili, Toos Goorhuis-Tjalsma na Bertje Jens, waliunganisha vijia vya mashambani kuanzia kijiji cha Pieterburen kaskazini mpaka mlima Sint-Pietersberg kusini, karibu kilomita 500, na njia hiyo, Pieterpad, ikafunguliwa mwaka 1983. Huo "mlima" Mluguru angeuita kichuguu, lakini tuyaache hayo.

Njia zao ndefu zimetiwa alama ya mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, kwenye nguzo, kwenye mti, hata nyuma ya kibao cha barabarani. Mistari ikikatana kama msalaba, umepotea: rudi ulikotoka. Sehemu nyingine wana namba. Kila njia panda ina nguzo yenye namba, nawe unaandika namba zako kwenye karatasi au kiganjani, kisha unazifuata moja baada ya nyingine mpaka unarudi ulipoanzia. Mtindo huo ulianza kwa baiskeli huko Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, na aliyeubuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe. Wachimbaji chini ya ardhi hawana jua wala mnara wa kanisa wa kuwaelekeza, hivyo njia panda zao hupewa namba. Nilipolisikia hilo nilicheka, kisha nikatazama mbele yangu: tambarare pande zote, mbingu ya kijivu iliyoshuka mpaka kwenye majani, mbele na nyuma havitofautiani. Namba zilikuwa na haki ya kuwapo.

Siku hiyo ya kwanza tulishuka kwenye treni mjini Leerdam, mji wa viwanda vya kioo kando ya mto Linge. Baada ya nyumba za mwisho njia inapanda. Nasema inapanda nikijua nasema nini, maana katika eneo hili kupanda mita nne ni tukio. Ukifika juu upepo unakupiga kofi, na unagundua kwamba umesimama juu ya tuta refu la udongo lililoota nyasi, lenye barabara nyembamba mgongoni, nalo linakwenda kaskazini likijipindapinda mpaka macho yanachoka. Hili ndilo Diefdijk. Kwa Kiholanzi cha leo, jina hilo ukilisoma lilivyo, ni Tuta la Mwizi.

Nikatafuta mto. Tuta lazima liwe na mto, nilidhani. Kushoto palikuwa na ng'ombe, kulia palikuwa na ng'ombe.

"Maji yako wapi?"

"Hayapo," shemeji akasema. "Tunayasubiri tangu mwaka 1284."

Ilibidi anichoree kwa kijiti kwenye matope. Mito mikubwa ya nchi hii, matawi ya Rhine, inatoka mashariki kwenda magharibi, na ardhi nayo inateremka kidogo kidogo kuelekea huko huko. Kando ya kila mto kuna matuta. Sasa, tuta la mto likivunjika juu kule jimbo la Gelderland, maji hayarudi mtoni. Yanashuka magharibi yakipita katikati ya mashamba na kuingia vijiji vya watu ambao matuta yao wenyewe ni mazima. Watu wa upande wa magharibi walichoka kulipia uzembe wa majirani. Mwaka 1284 ikakubaliwa kujenga tuta la kukingama, linaloikata ardhi kutoka mto Lek mpaka Linge. Maji yakija yanaligonga, yanasimama, na yanajaa upande wa mashariki.

Fikiria maana yake. Mtu wa magharibi analala. Mtu wa mashariki, ambaye zamani maji yangepita kwake na kuondoka, sasa yanamkalia mpaka paani. Nilimuuliza shemeji mwizi ni nani, naye akajibu kwamba ni maji. Nadhani mkulima wa mashariki angetaja jina la mtu.

Nyumba zote za zamani unazopita zimejibanza upande wa magharibi, zimekaa kwenye mteremko wa tuta kama kuku chini ya uvungu. Unaweza kutembea huku ukitazama ndani ya madirisha ya ghorofa ya juu: paka, vyungu vya maua, mama anayekunja nguo. Adabu yangu ilinikataza kuangalia. Adabu yao, nilikuja kujua, haiwahitaji kufunga pazia.

Kuna mahali tuta linapinda ghafla, bila sababu inayoonekana, linazunguka ziwa la mviringo lililotulia kimya, halafu linarudi kwenye mstari wake. Ziwa hilo linaitwa Wiel van Bassa. Mwaka 1573 tuta lilivunjika hapo. Maji yanapopenya kwenye pengo hayapiti kistaarabu: yanazunguka na kuchimba, yanatoboa shimo refu kuliko tuta lenyewe lilivyo juu. Baadaye watu wanarudi na majembe na kukuta kwamba shimo halizibiki, udongo wote wa wilaya hautoshi. Kwa hiyo wanajenga tuta jipya kulizunguka na kuliacha shimo lilivyo. Tangu siku hiyo sikuweza tena kutazama ramani ya Uholanzi kama zamani. Kila kona ya tuta yenye kiziwa ubavuni ni usiku mmoja ambao watu walikimbia na watoto mgongoni.

Mbele zaidi, karibu na barabara kuu ya A2, kuna kitu ambacho ningependa kila mtu akione. Waholanzi walikuwa wameyageuza maji kuwa silaha. Adui akija, walifungua malango na kujaza mashamba maji ya kufika magotini: mengi mno kwa askari na gari la mizinga kupita, machache mno kwa mashua kuelea. Majeshi ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa yalikwamishwa hivyo mwaka 1672. Karne ya 19 wakajenga mstari mpya wa kujihami kwa maji, na Tuta la Mwizi likawa sehemu yake. Mwaka 1940 mahandaki ya zege yaliongezwa. Moja la mwaka huo, lenye namba 599, limekatwa katikati kwa msumeno wa waya wenye almasi, kutoka juu mpaka chini, kama mtu anavyokata mkate wa mofa. Unashuka ngazi, unapita kati ya vipande viwili, na njia ya mbao inakutoa juu ya maji upande wa pili.

Nilisimama katikati nikanyoosha mikono. Kiganja kila upande kiligusa zege laini, baridi, na ndani ya zege niliona vyuma vilivyokatwa vikiwa vidoa vyeupe vinavyong'aa, na mawe ya kokoto yaliyopasuliwa kama njugu. Kuta ni nene kuliko kitanda changu kilivyo na upana. Katikati ya unene wote huo, nafasi waliyobanana askari ni ndogo kama stoo ya duka. Sijui kitabu chochote cha vita kilichonieleza hofu kwa ufupi namna ile.

Baada ya hapo shemeji akataka tushuke mashambani. Kuna vijia vinavyoitwa vya klompen, jina la viatu vya mbao vya wakulima, na vinakatiza katikati ya malisho ya watu kwa ridhaa ya wenyewe. Unapanda vidaraja vya ubao mmoja, unaruka uzio kwa vipandio vya mbao, unafungua lango na kulifunga. Kulifunga ni sheria ya kwanza na ya mwisho. Kibao kikisema Verboden toegang, na chini yake kifungu cha 461 cha sheria ya jinai, usiingie hata kama huoni mtu. Huyo mtu yupo.

Huku chini ndiko kwenye polda yenyewe. Polda ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa tuta na ambacho maji yake hayatoki mpaka yatolewe. Mvua ikinyesha inaingia kwenye mitaro myembamba iliyonyooka, mitaro inaingia kwenye mifereji, na mwishoni kuna pampu inayoyapandisha maji mpaka mtoni. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya vinu vya upepo. Vya Kinderdijk, 19 kwa jumla, vingi vikiwa vimejengwa miaka ya 1738 hadi 1740, ndivyo vinavyopigwa picha na watalii, na wengi hufikiri vilikuwa vya kusaga nafaka. Vilikuwa vikipandisha maji usiku na mchana.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba haina mwisho. Ardhi ya huku kwa sehemu kubwa ni mboji, majani na mizizi ya kale iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza. Ukiikausha inapata hewa na kuanza kuoza, na ikioza inashuka, sehemu nyingine mpaka sentimita moja kwa mwaka. Ikishuka maji yanakaribia tena, unapampu zaidi, nayo inashuka zaidi. Robo ya nchi sasa iko chini ya usawa wa bahari, na pale chini kuliko pote, karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, ni mita 6.76 chini. Mkulima anataka maji ya mtaroni yawe chini ili trekta lisizame. Mwenye nyumba ya zamani anayataka juu, kwa sababu nyumba yake imesimama juu ya nguzo za mbao ambazo zikiguswa na hewa zinaoza. Mtetezi wa ndege naye anayataka juu zaidi. Wote hao wanapiga kura. Kuna mamlaka za maji 21 zenye uchaguzi wake na kodi yake, na iliyo kongwe, ya Rijnland, inatajwa kwenye hati ya mwaka 1255.

Nikiwa nasikiliza haya kwa makini, nilikanyaga nyasi ambazo hazikuwa nyasi.

Wanaita kroos. Ni vijani vidogo kuliko punje ya dengu, vinavyoelea vimebanana mpaka mtaro mzima unakuwa kama zulia la kijani lililonyooshwa na fundi hodari. Rangi ni ile ile ya malisho. Gambuti la kushoto liliingia, likajaa, nami nikafuata mpaka kiunoni. Maji yalikuwa baridi ya mwezi wa Oktoba na chini palikuwa laini kama uji wa muhogo. Nilihisi mguu ukiendelea kushuka bila kukuta sakafu. Shemeji alinivuta kwa ukosi wa koti. Ng'ombe watano walikuja kushuhudia.

"Pole, shemeji," akasema, na uso wake ulikuwa unapigana na kicheko. "Sasa umeingia Uholanzi."

Jioni dada alipoziona nguo zangu hakuniuliza mimi chochote. Alimgeukia mumewe: "Ndugu yangu amekuja na nguo za Idi, wewe unampeleka kwenye mitaro?"

Safari ya pili ilikuwa Biesbosch, kusini ya Dordrecht, na safari hii nilivaa inavyopasa. Baada ya mistari iliyonyooka ya polda, huku unaingia mahali ambapo hakuna kilichonyooka. Vijito vinagawanyika na kuungana tena, matete yamekuzidi kimo, na miti ya wilg, yenye majani membamba ya fedha, inainamia maji, mingine imelala chini kabisa na kutoa matawi mapya kutoka ubavuni. Njia ni ukanda wa matope kati ya upupu wa Ulaya na maji meusi. Nilisema, hatimaye, msitu wa Mungu mwenyewe.

Shemeji akanionyesha shina. Lilikuwa nene kama pipa, kimo cha goti, na juu yake lilikuwa na kichwa kilichovimba chenye makovu mengi ya mviringo, na kutoka kwenye makovu hayo matawi kumi na zaidi yalisimama wima kama vidole. Halafu akanionyesha la pili, la tatu. Yalikuwa kwenye mstari.

Palikuwa shamba. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Novemba 1421, siku ya Mtakatifu Elizabeth, dhoruba na mafuriko yalivunja matuta ya polda kubwa iliyokuwa hapa. Masimulizi ya zamani yanataja vijiji 72 vilivyomezwa. Wanahistoria wamepunguza sana hesabu hiyo. Lililo wazi ni kwamba matuta hayakujengwa tena na nchi kavu ikageuka bahari ya ndani. Kisha mito ikaanza kuleta tope. Tope lilipotokeza juu ya maji liliota mafunjo, ambayo ndiyo asili ya jina la mahali hapa, yakafuata matete, na palipoinuka vya kutosha watu wakapanda wilg. Kila baada ya miaka michache matawi yalikatwa: membamba kwa vikapu, marefu kwa pete za mapipa, na mengi zaidi kwa mikeka mikubwa iliyosukwa, ikavutwa mtoni, ikalemewa mawe na kuzamishwa ili kingo zisiliwe na maji. Matuta mengi ya nchi hii yamekalia mikeka hiyo.

Wakataji walikuwa wakija Jumatatu kwa mashua na kurudi kwao Jumamosi, majira ya baridi yote, wakilala kwenye vibanda vya juu ya udongo ulioinuliwa. Walifanya kazi kwa saa ya maji kujaa na kupwa, kwa sababu bahari ilikuwa inasukuma mto mpaka hapa. Aliyewaona wakata boriti wa Rufiji wakisubiri maji yapwe atawajua watu hawa bila kuelezwa. Tofauti ni barafu.

Biashara ya matawi ikafa baada ya plastiki na chuma kuingia, na mwaka 1970 bahari nayo ilifungiwa mlango. Baada ya mafuriko ya usiku wa 31 Januari 1953, yaliyoua watu 1,836 Uholanzi, serikali iliziba midomo ya bahari upande wa kusini magharibi, mmojawapo Haringvliet. Maji ya Biesbosch, yaliyokuwa yakipanda na kushuka karibu mita mbili, sasa sehemu nyingi yanacheza sentimita 20 au 30 tu. Mashamba ya wilg yaliachwa na yakawa msitu huu unaousifu. Ni kitu ambacho mimi nakipenda zaidi ya msitu wa asili, na nimejaribu kumweleza shemeji kwa nini, nikashindwa. Nadhani ni ile mistari. Unatembea porini, na kila mara shina linakukumbusha kwamba kulikuwa na mtu na panga lake.

Wanyama hawajali historia. Kulastara husimama pembeni kama mzee anayesubiri pensheni. Biva, mnyama anayeangusha miti kwa meno, aliuawa wa mwisho nchini mwaka 1826. Mwaka 1988 walianza kuletwa wengine kutoka mto Elbe, Ujerumani, na Biesbosch ndiko walikoachiwa. Niliokota kipande cha tawi walichokiacha: ncha mbili zimechongwa kama penseli, gamba lote limemenywa, na alama za meno zimepangana sawasawa kama mishono ya cherehani. Sasa wamezaa mno na wanachimba mashimo kwenye matuta, na watu wale wale waliowaleta wanakuna vichwa.

Maana ya kutembea kwao niliielewa majira ya baridi, siku ambayo hatukuwa tunatembea. Mto Lek ulikuwa umefurika. Kati ya mto na tuta kubwa kuna malisho mapana, nayo huachwa makusudi ili mto ukivimba upate pa kujilaza. Wakati wa kiangazi unapita humo kwenye mchanga na vichaka, kati ya ng'ombe na bukini, karibu na mabomba ya moshi ya viwanda vya zamani vya matofali. Siku ile vilikuwa vimebaki vilele vya uzio vilivyosimama majini na benchi moja tupu, maji yakilipapasa kiti.

Shemeji ni mmoja wa wale wanaojitolea kwa mamlaka ya maji. Wanaita jeshi la tuta. Mto ukipanda wanatoka wawili wawili na tochi, wanatembea juu ya tuta na kisha chini yake upande wa ndani, polepole, macho ardhini. Niliruhusiwa kufuatana naye mchana, kwa sharti nisimame pale anaposimama. Wanatafuta mashimo ya fuko, nyufa, nyasi zilizoteleza, na zaidi ya yote vichemchemi nyuma ya tuta. Mto ukiwa juu, uzito wake unasukuma maji chini ya tuta na kuyatokeza mashambani. Tulikuta kimoja, kipana kama sahani ya kikombe, kikibubujika kwenye nyasi. Shemeji akachutama, akatia kidole, akakitazama.

"Safi," akasema, akaandika kwenye daftari.

Maji safi ni jasho la tuta. Yakitoka na mchanga, tuta linaliwa tumboni, na hapo hupiga simu, watu wanakuja na viroba vya mchanga. Hawazibi tundu, maana litatokeza kwingine. Wanajenga duara la viroba kulizunguka, kisima kidogo, maji yapande ndani yake mpaka uzito wake uizuie nguvu ya mto.

Nikakumbuka maelezo yake ya zamani. Enzi za kati kila mkulima alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza, na wakuu wa maji walipita kwa miguu kukagua. Aliyeshindwa kutunza alichomeka sepetu yake kwenye tuta na kuondoka. Aliyeichomoa ndiye aliyechukua shamba, na mzigo wake. Ukaguzi wa miguu upo hadi leo, hata wa mitaro, kila vuli. Nimekuwa nikiwashangaa hawa watu wanaotembea bila kwenda popote. Njia hizi zilikuwapo kabla ya wandelen kuwa starehe: zilikuwapo kwa sababu lazima mtu apite aangalie.

Siku hizi hata fikra ya tuta imebadilika. Mwaka 1995 mito ilipanda mpaka karibu watu 250,000 wakahamishwa, na matuta yakanusurika. Badala ya kuyainua tu, serikali ilianza mpango wa kuupa mto nafasi, mahali zaidi ya 30. Polda ya Noordwaard, jirani na Biesbosch, ilifunguliwa mwaka 2015: matuta yalishushwa, nyumba kadhaa ziliondolewa na nyingine zikainuliwa juu ya vilima vya udongo, na mto ukifurika unapita katikati yake. Maji huko Gorinchem yanashuka sentimita 30. Na mbele ya nyumba za Fort Steurgat, Werkendam, walipanda shamba la wilg ili mawimbi yavunjikie kwenye matawi kabla ya kufika kwenye tuta. Wakataji wa zamani wangecheka. Anayeishi Dar es Salaam na kuijua Jangwani, bondeni Msimbazi, siku ya mvua hahitaji kuelezwa gharama ya kumpa mto nafasi. Uholanzi ni mmoja wa wafadhili wa mradi wa bonde la Msimbazi, na hata kwao kuna wakulima waliohama wakilia.

Ukitaka kuijaribu njia ya Tuta la Mwizi, usiende kati ya 15 Machi na 15 Julai ikiwa unataka kupita mashambani, maana baadhi ya vijia hufungwa ndege wanapoatamia. Septemba ni nzuri. Shuka Leerdam, fuata tuta kaskazini, pita ndani ya handaki namba 599, endelea hadi Lek, kisha fuata mto kwenda Culemborg. Hapo kuna pantoni, nao wanaiita pont, inayovuka kwa kusukumwa na mkondo wenyewe, imefungwa kwa waya mrefu uliotiwa nanga mtoni. Beba chai kwenye chupa na soksi za pili. Viatu vyeusi viache kwa dada.